Maarifa Yasiyo na Kiingilio

Tafakari ya juma kwa jumuiya za Mshangano, Songea
Masomo ya kutafakari: Kutoka 31:1–6 na 35:30–35, Nehemia 8:1–8, Isaya 55:1–3



Juma hili naomba tukae na mtu ambaye jina lake hatulisikii mara nyingi kanisani. Anaitwa Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza Roho wake. Sisi tukisikia kwamba mtu amejazwa Roho wa Mungu, tunatazamia atoe unabii, aponye wagonjwa au asimame kuhubiri. Bezaleli hakufanya hata moja kati ya hayo. Roho alimjalia akili na ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Alikuwa fundi. Ni mtu wa kwanza katika Biblia kutajwa kwa jina ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho, na kazi yake ilikuwa ya mikono na vipimo.

Tukiendelea hadi sura ya 35 tunakuta jambo ambalo ni rahisi kulipita. Mungu hakumpa Bezaleli ustadi peke yake. Alimtia pia moyo wa kufundisha wengine, yeye pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani. Ujuzi ulikuja na wajibu wake. Fundi aliyejaliwa na Mungu hana ruhusa ya kuukalia ujuzi wake.

Kwa mwanga wa Neno hilo nataka tuzungumze juu ya mikusanyiko ya wazi ya sayansi na uhandisi kwa ajili ya watu wote wa mtaa, isiyo na kiingilio. Nasema juu ya siku ambayo mwenye kujua namna maji yanavyosafishwa, namna umeme unavyofuliwa, namna mbegu inavyorithi sifa za mama yake, anatoka ofisini au darasani, anasimama uwanjani, na mtu yeyote anaweza kumwuliza. Naamini kwa moyo wote kwamba hili ni jambo la kichungaji, na kwamba sisi wa Mshangano tunaweza kulifanya.

Tiketi aliyopewa mtoto wa mhunzi

Mwaka 1791, pembezoni mwa London, alizaliwa mtoto aliyeitwa Michael Faraday. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumbani kulikuwa na shida. Shule aliipata kidogo sana: kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo. Alipofika miaka 14 aliingia uanagenzi kwa fundi wa kufunga vitabu. Vitabu vya watu vilipita mikononi mwake, naye akawa anavisoma kabla ya kuvirudisha.

Mwaka 1812, mteja mmoja wa duka lile, mwanamuziki aliyeitwa William Dance, alimpa kijana huyo tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya mkemia Humphry Davy kwenye taasisi ya Royal Institution. Hazikuwa tiketi za mfuko wa mwanagenzi. Faraday alikwenda, akasikiliza, akaandika kila alichokisikia na kuchora kila chombo alichokiona. Kisha akafanya lile alilolijua kwa mikono yake: akazifunga kurasa zake zikawa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1831, mtoto huyo wa mhunzi aligundua kwamba ukiisogeza sumaku ndani ya waya uliosokotwa, umeme unapita ndani ya waya ule. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mabwawa yetu yote ya umeme, na hata jenereta ndogo inayonguruma nyuma ya duka siku umeme ukikatika.

Faraday alikuwa mtu wa sala, akawa mzee wa kanisa katika dhehebu lake dogo. Hakusahau alikotoka. Taasisi yake ilipoanza mwaka 1825 kutoa mihadhara ya sayansi kwa vijana wakati wa Krismasi, yeye aliitoa katika majira 19 ya miaka mbalimbali. Aliyefunguliwa mlango akawa mfungua mlango.

Hapa nawaomba tutulie kidogo. Mungu alikwisha kumjalia Faraday kichwa na bidii tangu tumboni mwa mama yake. Alichokosa ni mlango. Na aliyemfungulia hakuwa mwanasayansi mashuhuri wala tajiri mkubwa wa taifa. Alikuwa mteja wa dukani aliyemtazama kijana wa kazi, akaona ana njaa ya kujua, akampa alichokuwa nacho. Ni wangapi hapa Mshangano, kati ya vijana wanaotuletea mizigo, wanaotutengenezea pikipiki na kutuuzia vocha, ambao Mungu amewajalia vivyo hivyo, na hakuna aliyewapa tiketi?

Roho huyohuyo, hapa kwetu

Tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Mto Ruvuma unaanzia hapa kwetu, katika milima ya Matogoro. Kwenye mto huohuo, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole wamejenga kituo cha Tulila chenye uwezo wa megawati 5, na umeme wake huuzwa kwa TANESCO. Kabla gridi ya taifa haijafika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya kutoka Makambako, mji huu ulikuwa haujaunganishwa na mikoa mingine, ukitegemea mitambo ya mafuta, na umeme wa masista wale ukawa msaada mkubwa.

Fikirini jambo hilo. Wanawake wanaoamka alfajiri kuimba Zaburi ndio wenye mtambo ambao maji ya Ruvuma yanauzungusha, mhimili ukageuza sumaku katikati ya nyaya, kwa kanuni ileile aliyoiona Faraday. Ndani ya Jimbo letu Bezaleli amevaa shela. Je, ni watoto wangapi wa Mshangano wamewahi kusimuliwa hivyo? Wanaijua swichi ukutani, lakini hakuna aliyewaeleza kwamba safari ya umeme inaweza kuanzia mtoni mwao wenyewe, na kwamba wanaouongoza ni watawa tunaokutana nao kwenye Misa.

Wamisionari Wabenediktini walipoingia Peramiho mwaka 1898 walikuja na Injili, na karakana zikafuata: useremala, uashi, ufundi wa vyuma, uchapaji. Wazee wengi wa mkoa huu walijifunza kutumia randa na timazi hapo, au kwa mtu aliyejifunzia hapo. Na katika miaka ya 1960, kijijini Litowa, wanachama wa Ruvuma Development Association, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliishi na kulima pamoja, wakajiendeshea shule yao wenyewe, wakawa na mashine ya kusaga nafaka na ya kupasua mbao. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969, lakini kilikwisha kuonesha kwamba mkulima wa Songea anaweza kukaa chini na wenzake, akajifunza mashine na kuimiliki.

Kwa hiyo ninaposema tukusanyike tujifunze sayansi, sileti kitu kigeni Songea. Kila mwezi Februari watu wetu hukusanyika pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Wanakuja wazee, wanafunzi, machifu, viongozi wa dini na wa serikali. Tunajua kukusanyika kwa ajili ya kumbukumbu. Tukusanyike pia kwa ajili ya kuelewa.

Uwanja wa Lango la Maji

Katika somo la Nehemia, watu wote wanakusanyika kama mtu mmoja kwenye uwanja ulio mbele ya Lango la Maji, wanamwomba Ezra alete kitabu cha Torati. Ezra hawaiti waingie hekaluni, ambako wengine wasingeruhusiwa. Anakuja uwanjani. Mwandishi anasema waliokuwepo walikuwa wanaume kwa wanawake, na wote walioweza kusikia na kufahamu. Ezra amesimama juu ya jukwaa la mbao. Na Walawi wanawafafanulia watu, mpaka kila mmoja aelewe kilichosomwa.

Kusoma tu hakukutosha, kulihitaji mfafanuzi. Na ufafanuzi ulifanyika mahali pa wazi, kwa lugha ya watu, bila kumbagua mwanamke wala kijana. Nadhani huu ndio mfano mzuri kuliko yote wa namna ya kugawa maarifa yoyote yale.

Taifa letu limewahi kufanya hivyo kwa ukubwa wa kushangaza. Wenye umri wa bibi na babu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takribani milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya miembe na kwenye madarasa, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, safura na kuhara, wakajadiliana, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Hapakuwa na kiingilio wala sharti la cheti cha shule. Ilikuwa sayansi ya afya, imekaa kwenye mkeka, na mwenye swali aliuliza.

Tarehe 1 Septemba 2016 tulipata fundisho jingine. Mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete ya moto angani. Kule Rujewa, wilayani Mbarali, maelfu ya watu walikusanyika kuitazama: wanafunzi, wakulima, wageni kutoka mbali. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amejitolea kueleza umma kwa Kiswahili nini kitatokea, saa ngapi, na kwa nini mtu asilitazame jua kwa macho matupu. Njia ya pete ilipita kaskazini mwa Songea, ikaelekea kusini mashariki. Kwetu jua lilimegwa sehemu kubwa bila kuwa pete kamili. Tukio ambalo zamani lingewatia watu hofu na kuwafanya watafute nani kaloga, safari hii liliwakusanya kwa furaha. Tofauti haikutoka angani. Ilitokana na mtu aliyeeleza mapema.

Ziko pia juhudi zinazoendelea. Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walianzisha Young Scientists Tanzania mwaka 2011, ambapo wanafunzi wa sekondari hutafiti matatizo ya kwao na kuonesha kazi zao hadharani. Tangu mwaka 2019 serikali imekuwa na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yanayowapa nafasi hata wabunifu wasio na elimu kubwa ya darasani. Na Nane Nane kila Agosti huwakutanisha watafiti na wakulima, kama pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Namshukuru Mungu kwa yote haya. Lakini kutoka Mshangano hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 400, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 900. Maonesho yakiwa bure, nauli haiko bure. Mama anayeuza mboga, mlinzi wa usiku, mzee mwenye goti bovu, hawa hawatafika. Ezra hakungoja watu wamfuate alipo. Alikwenda walipokuwa.

Kwa nini hili ni suala la upendo

Labda mtu ataniuliza: Padre, haya si ya maofisa ugani na walimu? Kanisa linaingiaje hapa?

Linaingia kwa sababu kutojua kunaua, na waliokufa tunawazika sisi. Mwaka 2016 huohuo, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka anahatarisha ini lake. Sisi wa Ruvuma tunasifiwa kwa mahindi, tunalisha mikoa mingine. Basi kila nyumba ya Mshangano inapaswa kujua kuyakausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuyapima kabla ya kuyafunga kwenye gunia.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikibaki chini bila kushika, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumfundisha bibi yake, na bibi akawaambia wenzake kisimani. Kipimo hicho kinaweza kuokoa nyumba nzima, ila kinahitaji mtu wa kukionesha na mahali pa kukioneshea.

Nina sababu nyingine inayoniuma zaidi. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na moja ya ishara zilizotumika kuwahukumu ni macho mekundu. Macho yale mara nyingi yamefanywa mekundu na moshi wa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Tazameni ukatili wa kutojua: alama ya upendo wa mama inageuzwa ushahidi wa kumwua. Kadhalika radi ikipiga nyumba katika nyanda zetu hizi za juu, kuna mtu atakayenyooshewa kidole. Yule anayesimama uwanjani akaeleza moshi unafanya nini kwenye jicho, na chaji za umeme zinavyojikusanya mawinguni mpaka zitafute njia ya kufika ardhini, anamlinda jirani asishuhudiwe uongo. Hiyo ni amri ya Mungu. Kumwelimisha mtu mahali hapo ni kumpenda yule mwingine ambaye angedhurika.

Na wale wanaoogopa

Wapo wanaoogopa kwamba kijana akijua sana ataacha kusali. Naiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa inatoka kwa wazazi wanaowapenda watoto wao. Lakini iangalieni historia ya Kanisa. Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brno. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere kwenye bustani ya monasteri, akahesabu kizazi baada ya kizazi, akagundua kanuni za urithi ambazo leo ndizo zinazoongoza uzalishaji wa mbegu. Mnamo 1865 alisimama mbele ya chama cha watu wa mji wake waliopenda maumbile, akawaeleza alichokiona. Hakuna aliyetambua uzito wake mpaka mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufariki. Ndugu mkulima, mbegu chotara unayoinunua dukani kila msimu ina jasho la yule mtawa.

Georges Lemaître alikuwa padre kutoka Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na baadaye akaeleza kwamba ulianza kutoka hali moja ndogo mno iliyosongamana. Alivaa kola ya upadre na kufanya hesabu za nyota, na hakuona kwamba moja inamwibia nyingine. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima, Fides et Ratio, mwaka 1998, juu ya imani na akili kutembea pamoja.

Na kabla ya hao wote alikuwepo Sulemani. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasimulia kwamba alizungumza juu ya miti, kuanzia mwerezi mkubwa hadi hisopo inayoota ukutani, na juu ya wanyama, ndege, watambaao na samaki, na watu wa mataifa yote wakaja kumsikiliza. Maandiko yanauhesabu ujuzi huo kuwa sehemu ya hekima aliyopewa na Mungu, karibu kabisa na mithali zake. Mungu hafichiki kwa kuwa kazi yake imeeleweka. Aliyeelewa namna jani linavyotengeneza chakula kutokana na mwanga wa jua ana sababu zaidi ya kushukuru kabla ya kula.

Tufanye nini Mshangano

Napendekeza jambo tunaloliweza. Baada ya mavuno, mahindi yakiwa yameshaingia na mvua bado, tuchague Jumapili moja. Baada ya Misa, uwanja wa kanisa ubaki wazi mpaka jioni, kwa Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa ndugu zetu Waislamu, kwa asiye na dini pia. Tuwaombe wenye ujuzi wa maji kutoka SOUWASA, wenye ujuzi wa umeme, walimu wa VETA na wa sekondari zetu, wauguzi na maofisa ugani, wawape watu mchana mmoja wa maisha yao. Wengi wao ni waumini wetu, tunasali nao, na hatujawahi kuwaomba sadaka ya aina hii.

Meza moja iwe ya mahindi, na chupa zile za chumvi. Nyingine iwe ya maji: mwananchi aone tope linavyotulia, namna mchanga unavyochuja, na kwa nini maji yanayoonekana safi bado yanahitaji kutibiwa. Meza ya umeme iwe na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, waya uliotolewa kwenye mota iliyokufa na taa ndogo. Mtoto aizungushe sumaku kwa mkono wake, taa iwake, aambiwe: hiki ndicho kinachofanyika Tulila. Shule iliyo na hadubini iilete, watu wachungulie tone la maji ya dimbwi. Na vijana wetu wa bodaboda wafungue injini mbele ya watu, waeleze mipigo yake minne. Nasisitiza hili la bodaboda. Wao tunawaita kwenye mikutano ili kuwaonya. Siku hiyo tuwaite kuwa walimu.

Giza likiingia, anga ya kiangazi hapa Songea ni safi na baridi yake mnaijua. Jivikeni makoti, tusimame pamoja tuitazame Njia ya Maziwa, mwenye darubini ailete. Tuwaambie watoto kwamba tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa jua kama kule kwa mwaka 2016 kutapita tena juu ya Tanzania. Wajiandae wawe wao watakaowaeleza wengine.

Nina masharti machache. Pasiwe na mchango wala kikapu. Nabii Isaya anawaita wenye kiu waje wanunue pasipo fedha, na sisi tusiweke fedha mahali ambapo Mungu hakuweka. Pasiwe na mtu wa kuuza bidhaa wala wa kuomba kura. Kila kitu kiwe kwa Kiswahili, kwa maana wapo wengi ambao hamu yao ya sayansi ilizimika siku walipoingia sekondari na masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza. Akina mama na mabinti wapewe nafasi ya kuuliza kwanza. Asiwepo wa kumcheka mwenye swali. Na mtaalamu asiyejua jibu aseme hajui, akalitafute, alirudishe. Unyenyekevu huo nao ni fundisho la sayansi, na ni fadhila ya Kikristo.

WAWATA, UWAKA, VIWAWA na walezi wa Utoto Mtakatifu, nawakabidhi jambo hili. Lijadilini kwenye jumuiya juma hili, mniletee majina ya wenye ujuzi na majina ya wenye viti na mabenchi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni ujuzi gani Mungu ameuweka mikononi mwangu, na ni nani nimemfundisha bila kumdai chochote?
2. Katika nyumba zetu kumi, ni kijana gani mwenye njaa ya kujua ambaye hajapewa "tiketi"? Tumtaje, tupange nani atamfungulia mlango.
3. Je, kuna jirani tuliyemshuku au kumsema vibaya kwa jambo ambalo lina maelezo? Tutamrudishiaje heshima yake?
4. Mahindi tuliyoyahifadhi mwaka huu tumeyapima?

Tuombe

Ee Mungu Baba, uliyemwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza Roho wako kwa ajili ya kazi ya mikono, tunakushukuru kwa mafundi, wahandisi, wauguzi, walimu na watafiti uliotupa. Uwatie moyo wa kufundisha kama ulivyomtia Bezaleli na Oholiabu. Uwabariki masista wa Chipole na wote wanaoyageuza maji ya Ruvuma kuwa mwanga. Uwalinde wazee wetu dhidi ya midomo isiyojua. Uwaoneshe vijana wa Mshangano kazi za mikono yako, uwape maswali mazuri, na utupe sisi uvumilivu wa kuyajibu. Utufundishe kutoa bure tulichopokea bure. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Ofisi ya parokia itapokea majina ya wanaojitolea kuanzia kesho asubuhi. Njooni.